Shukrani kwa dada wa meza ya jirani

Dada, sikupata jina lako, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu. Sanamu yangu ya udongo ya mwanamke aliyesimama ilikuwa inalala upande, na ufa umeanza kwenye kifundo cha mguu. Wengine walipita wakasema pole.

Wewe uliacha kazi yako, udongo wako ukiendelea kukauka. Kwanza uliiegemeza kwa kipande cha mti chini ya makalio. Kisha ukafunga jiwe kwenye uzi, ukatengeneza timazi, ukaushusha kutoka kishimo cha koo. Ukasimama mwenyewe, uzito wote mguu mmoja, ukanionyesha: nyonga ya mguu huo hupanda, bega la upande huohuo hushuka, na uzi huangukia karibu na kifundo cha ndani. Uzi wa sanamu yangu ulianguka nje kabisa ya unyayo. Hapo ndipo nilipoanza kuuona mwili wa binadamu, si umbo lake tu.

Uliikata kiunoni kwa waya, tukachota udongo wa ndani mpaka ukuta ukabaki unene wa kidole gumba, maana unyevu uliofungiwa kwenye udongo mnene hugeuka mvuke tanurini na kupasua kazi. Ukachanachana kingo zote mbili, ukapaka uji wa udongo, ukaunganisha. Vifundo ulivifunga kitambaa kibichi visitangulie kukauka.

Imetoka tanurini nzima, dada. Asante sana. Nanyi wenzangu mnaofinyanga, mkiona kazi ya mtu inainama, msiishie kwenye pole. Shikeni uzi mmwonyeshe.