Anko, klipu ya goli inatoka saa ngapi?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama sijakuzidi basi tusalimiane tu.

Wiki mbili zilizopita nilimchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka 19, tukaenda kuangalia mechi ya ligi. Siyo Simba wala Yanga, timu mbili za mikoani tu. Dakika ya 20 hivi likafungwa goli, watu tukasimama, yeye alikuwa ameinamia simu likampita. Akaniuliza, anko, klipu ya goli inatoka saa ngapi? Yani goli limefungwa mbele ya macho yake halafu analisubiria kwenye simu ileile iliyomfanya asilione!

Nilitaka kumfokea ila nikageuka kuangalia jukwaa. Watu wa kuhesabu, wengi rika langu, vijana niliowaona walikuwa wanauza maji na karanga.

Mimi nimekulia Morogoro miaka ya 80. Timu yetu ya Reli wakicheza, wale Kiboko ya Vigogo, sisi watoto hatukuwa na hela ya kiingilio, tunasimama getini tunamwangalia mtu mzima yeyote mwenye sura ya huruma, "anko nishike mkono", anakushika kama mwanae mnaingia, ndani kila mtu njia yake. Wengine tulikuwa juu ya miti. Na kama timu imesafiri basi ni redio, Ahmed Jongo anakutangazia mpaka unauona mpira miguuni mwa mtu ambae hujawahi kumuona sura.

Sasa kila mtu anasema vijana wameharibiwa na simu na mikeka ya kubeti. Sikatai. Huyu wangu anaijua timu ya daraja la pili Norway, anajua inafungwa magoli mangapi ikicheza ugenini, lakini beki wa kushoto wa timu ya mkoa wake hamjui hata jina. Kwake yeye mechi ni odi, mkeka ukichanika dakika ya 30 hana sababu ya kuendelea kuangalia.

Ila nilimuuliza tukiwa njiani tunarudi, kwanini huji uwanjani, akanijibu kitu ambacho sijakipatia jibu mpaka leo. "Anko, si bingwa anajulikana? Ni huyu au yule." Nikaanza kuhesabu kichwani. 1975 Mseto wa hapahapa Morogoro walibeba ubingwa, 1986 Tukuyu Stars, 1988 Coastal Union, 1999 na 2000 Mtibwa Sugar kutoka kule Turiani kwenye mashamba ya miwa. Baada ya hapo? Azam 2014 basi. Miaka yote iliyobaki ni Simba na Yanga wanapokezana. Huyu mtoto tangu azaliwe hajawahi kuona timu ya mkoani inabeba ubingwa wa ligi, na Mtibwa wenyewe aliowasikia kwangu 2024 walishuka daraja, wakarudi mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa napanda mti kwa sababu niliamini Reli anaweza kumpiga yeyote, yeye apande mti kuangalia nini?

Na msiniambie vijana hawapendi uwanja. Nenda Uwanja wa Mkapa siku ya Simba Day au kilele cha Wiki ya Mwananchi ya Yanga, uwanja wa watu 60,000 unajaa, na waliojaa ni haohao wa miaka 18, 20, wamepaka rangi usoni wanaimba tangu asubuhi. Siku hiyo kuna wasanii, kuna jezi mpya, kuna kitu cha kupostiwa. Kelele zikiisha, zile mechi za katikati ya msimu wanatuachia sisi wazee na redio zetu (naam, bado naenda na redio uwanjani, mnicheke tu).

Halafu ratiba. Mechi Jumatano saa 10 jioni, mwanafunzi ndo kwanza anatoka shule, fundi yuko saiti, bodaboda anatafuta hesabu ya bosi, nani aje? Atakuja nani kama siyo mstaafu. Kuna uwanja mmoja sitautaja niliwahi kwenda na mtoto wa miaka 10, nikatozwa kiingilio kamili kama mtu mzima, nikauliza hamna bei ya watoto, yule dada wa getini akanishangaa kama nimeomba mkopo. Zamani tuliingia kwa kushikwa mkono, leo kuna kadi na mashine, sawa hela isipotee, lakini yule mtoto wa nje ya geti mmemuweka wapi?

Na wewe mhariri usijitoe. Ukurasa wa mbele wa michezo kila siku ni Simba na Yanga, mchezaji wao akikohoa ni habari, timu ya mkoa wetu ikishinda ugenini inapata mistari mitatu kule nyuma chini ya tangazo la viwanja. Naomba kitu kimoja, kila Ijumaa chapeni mechi za wikiendi za Ligi Kuu na Championship, daraja la chini yake, uwanja gani, saa ngapi, kiingilio shilingi ngapi. Nitaikata niibandike mlangoni kwa huyu mpwa wangu. Jumamosi tunaenda tena, nimemwambia simu aiache nyumbani, kasema tutaona.

Shabiki wa mzunguko,
Kihonda, Morogoro