Picha ya Palm Beach na mtu aliyesahauliwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu hoteli za kale za pwani ya Florida nimeisoma yote, ila mmemvika Henry Flagler kilemba cha ukoka.

Kwamba tajiri huyo wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil alijua biashara, sibishi. Jimbo la Florida lilikuwa likiwapa wenye reli ardhi kwa kila maili waliyotandika, naye akawa anajenga hoteli huku reli yake ikisogea kusini. Royal Poinciana ya Palm Beach ilianza kujengwa 1893, mwaka uleule Wajerumani walipoanza kutandika reli hapa kwetu Tanga (yetu ilikuwa ya mazao, wa kuja kuogelea hakuwamo kwenye hesabu). Ikafunguliwa Februari 1894. Baadaye reli ilivushwa juu ya Lake Worth, maji yanayotenganisha Palm Beach na bara, na matajiri wa kaskazini wakawa wanakuja na mabehewa yao binafsi hadi hotelini.

Lakini waliobeba mbao ni akina nani? Wengi walikuwa vibarua Weusi, wakiwemo waliotoka Bahamas, waliokaa kwenye vibanda katika mtaa wa Styx. Tazameni tena picha mliyochapisha: bibi mwenye kofia pana ameketi kwenye kiti cha henzirani chenye magurudumu, na nyuma yake mwanamume Mweusi anakanyaga pedali. Guta la kubebea watu, tuseme. Maelezo yenu chini ya picha yanataja kofia. Mwenye pedali hamkumwona.

Ardhi ya Styx ilipopanda bei, wakazi wake waliondolewa wakahamia ng'ambo, West Palm Beach. Wapo wanaosimulia kwamba walichomewa nyumba. Wanahistoria wanalitilia shaka hilo la moto. La kuondolewa halina ubishi.

Hoteli yenyewe iliharibiwa na kimbunga cha 1928, ikafungwa 1934 wakati wa mdororo wa uchumi, kisha ikabomolewa. Jirani yake, The Breakers, iliungua 1903 na tena 1925, na bado ipo.

Mkirudia mada hii, wapeni nafasi wapishi, wahudumu na waendesha viti. Hoteli ile ilifanya kazi miezi michache tu ya baridi, kisha wageni wakapanda treni kurudi kwao. Sisi tuliofanya kazi za hoteli tunajua msimu wa chini ulivyo, na tungependa kusoma wenzetu wale waliishi vipi miezi iliyobaki.

Mhudumu mstaafu,
Tanga