Barua ya Kufunga Muhula: Maonyesho ya Tufe la Dunia

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAONYESHO YA TUFE LA DUNIA

Shule itafungwa Ijumaa saa 6:00 mchana, na ripoti za wanafunzi zitatolewa siku hiyo hiyo. Tafadhali fikeni saa 3:00 asubuhi, kwani kabla ya ripoti wanafunzi wa Kidato cha Pili watawafundisha ninyi, kwa kutumia tufe linalowaka, yaani mpira unaoonyesha picha ya Dunia inayorushwa na projekta.

Makumbusho mengi ya sayansi duniani yana tufe la NOAA, idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa. Lina kipenyo cha kama mita 1.7, na projekta nne hulimulika kutoka nje. La kwetu ni kava la taa la plastiki nyeupe, sentimita 40, linalomulikwa kutoka ndani. Projekta moja imesimamishwa wima chini yake, na lenzi iliyobinuka shingoni mwa kava hutawanya picha hadi juu.

Picha ikirushwa kutoka ndani, anayetazama nje huiona imegeuka: Pembe ya Afrika inaelekea magharibi! Ndiyo maana kabla ya kitu kingine wanafunzi huigeuza picha kwenye mipangilio ya projekta, kisha hutafuta Zanzibar. Ikiwa upande wa Kongo, wanarudia. Lenzi ikihama milimita chache, ikweta hupanda upande mmoja. Antaktika haionekani kabisa kwa sababu shingo ipo hapo, na mwanafunzi anatakiwa kulisema hilo mwenyewe bila kusubiri aulizwe.

Shida kubwa ni mwanga. Picha ya duara hutumia chini ya nusu ya eneo la projekta, hivyo dirisha moja likiwa wazi bahari zote hufifia. Khanga za kuziba madirisha hazitoshi, mwanga unapenya. Tunahitaji mita 12 za kitambaa cheusi kizito; mwenye nacho atusaidie, ila si mchango wa lazima.

Mtaona Greenland, ambayo kwenye ramani nyingi za ukutani inakaribia ukubwa wa Afrika, ikiwa na ukubwa wake halisi: Afrika inaizidi takriban mara 14. Mtaona pia mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yakitoka Sumatra na kuvuka bahari hadi pwani yetu. Kwenye ramani bapa iliyokatwa katikati ya Pasifiki, mtoto hudhani Japani na Marekani haziwezi kufikiana kwa wimbi. Kwenye tufe anazunguka hatua mbili na kuona bahari ni moja.

Ingieni sita sita, zungukeni tufe badala ya kusimama mahali pamoja, na zimeni tochi za simu. Kila baada ya dakika 30 projekta itapumzishwa, maana ikisimama wima hupata joto haraka.

Likizoni, mpeni mtoto chungwa na kalamu. Achore ikweta na nchi yetu, kisha alizungushe kuelekea mashariki mbele ya taa na kuwaeleza kwa nini jua huchomoza Dar es Salaam kabla ya Kigoma. Akilizungusha kinyume, msimsahihishe. Muulizeni tu jua limechomozea wapi kwanza, naye ataona kosa mwenyewe.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule