Hizo taa nyekundu za mifupa, muulizeni muuzaji dozi

Mhariri, salaam. Nimesoma kwenye ukurasa wenu wa afya ile habari ya taa nyekundu "zinazounganisha mfupa haraka", nikaona niandike maana mi nafanya kazi fizio na tangu itoke wagonjwa wanatuuliza hiyohiyo, hasa vijana wa boda waliovunjika mguu na wamechoka na hogo.

Kwanza jambo lenyewe sio la kutunga. Miaka ya 60 kule Budapest daktari Endre Mester aliwanyoa panya mgongoni akawamulika leza hafifu, alikuwa anafuatilia mambo ya kansa, akakuta manyoya ya waliomulikwa yanaota haraka kuliko ya wenzao, na toka hapo watu wamemulika kila kitu mpaka seli za mifupa. Na kweli, osteoblasti, zile seli zinazojenga mfupa, ukizikuza kwenye kisahani cha maabara ukazipa mwanga mwekundu au infraredi, ule usioonekana kwa macho, kwa kiasi kinachofaa, majaribio mengi yanaonyesha zinaongezeka na zinatoa zaidi kimeng'enya cha alkalini fosfatasi, dalili kwamba zinajiandaa kuweka madini. Inaelezwa kwamba kwenye maitokondria, vile vijimtambo vya nishati ndani ya seli, kuna protini, sitokromu c oksidasi, inanyonya huo mwanga halafu seli inapata nishati zaidi. Panya waliotobolewa mfupa nao wengine wamepona haraka, ila matokeo ya maabara hayafanani.

Sasa kisahani hakina ngozi wala mafuta wala msuli bana! Zima taa chumbani, bana tochi ya simu kwenye kidole, utaona kidole chote kinawaka nyekundu, haya hamishia kwenye paja uone kama kuna kitu kinatokea upande wa pili. Infraredi inaingia ndani zaidi kidogo lakini nayo inapungua kadiri inavyozama, na mfupa wa paja la mtu mzima uko chini ya sentimita kadhaa za nyama. Ndio maana mahali tiba hii imekubalika kweli ni kwenye vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa kansa, NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, iliipitisha mwaka 2018, huko mwanga unagusa kidonda chenyewe.

Halafu kuna dozi, na hili habari yenu haikuligusa kabisa. Kiasi kidogo kinaamsha seli, kikizidi kinazizubaisha, kwahiyo ile akili ya "ngoja nimulike lisaa lizima nipone haraka" inaweza kuharibu. Mgonjwa mmoja alikuja na kifaa chake, nikageuza boksi pande zote, limeandikwa 660 nanomita, yaani aina ya mwanga mwekundu tu, na picha ya goti linalong'aa, basi. Nguvu yake haipo, jouli ngapi za nishati kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, yaani dozi yenyewe, haipo, ukiweke mbali kiasi gani na ngozi haipo. Dawa ya kikohozi yenyewe ina kijiko!

Na msisahau yaliyotokea kwa mawimbi ya sauti, yale ya ultrasaundi ya nguvu ndogo. Marekani waliruhusu mashine zake kwa mifupa iliyovunjika mwaka 1994, nazo maabara zilikuwa zinazisifia hivihivi, ila jaribio kubwa la watu 501 waliovunjika muundi na kuwekewa chuma lilipotoka 2016, waliotumia mashine na waliopewa ya kuigiza hawakutofautiana kwenye kupona. Taa bado haijapitia mtihani mkubwa namna ile kwa mivunjiko, mnaitangazaje kama imeshafaulu?

Sisemi utafiti usimame, mi mwenyewe naufuatilia kwa hamu hasa kwa mifupa ya taya ambayo haijafunikwa na nyama nyingi. Ninachoomba, muuzaji akija tena mezani kwenu mwambieni alete hizo namba za dozi na aseme ni mfupa upi, na mwandishi aongeze mstari mmoja tu kwamba hogo linatolewa na daktari baada ya kuangalia eksirei, maana wapo wanaotaka kulikata nyumbani ili taa ipate pa kupita.

Mtu wa fizio,
Morogoro