Neno ulilipata, sheria hukuisoma

Mbukwa mwanangu Neema,

Huku Mpwapwa tu wazima, na bibi yako ameacha kukohoa. Nakuandikia kwa mkono nimpe kondakta wa basi la asubuhi, maana ujumbe mrefu wa WhatsApp nakujua: utasoma mistari miwili, utanirushia kidole gumba, basi.

Nataka turudie lile la likizo. Nilikuomba wewe unayesomea sheria unisaidie na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ile inayotuweka sisi wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wetu wanawake. Ulikuwepo ule mgogoro wa mpaka wa shamba la alizeti. Ukafungua simu, ukatafuta “baraza”, kidole kikashuka mbio, na chai haijapoa ukaniambia, “Mama, nyie mnaamua tu.” Usiku nikakaa na nakala yangu iliyochakaa. Ukiendelea kusoma unakuta kazi yetu ni kusuluhisha, na hakuna anayelazimishwa kuja kwetu. Tungemwamulia yule mzee kwa jibu lako, angetushangaa, na haki angekuwa nayo.

Mvivu wewe si, hilo sikusingizii. Kuperuzi nako si dhambi. Hata mimi bei ya alizeti naiangalia kwenye simu. Ila akili hufuata inachofanyishwa kila siku. Kusema mtoto hujifunza kwa kutusikia tu, lakini kusoma lazima afundishwe. Waliochora miambani kule Kolo, Kondoa, akili walikuwa nazo kama zetu, herufi hawakuwa nazo. Maandishi yana miaka kama 5,000 tu duniani. Kilichofundishwa hudumaa kisipotumika, na naona kwako kinachotangulia kudumaa ni uvumilivu wa kushika hoja ya ukurasa wa kwanza mpaka ufike wa kumi uone kama zinapatana. Mawakili wanalipwa kwa hilo.

Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zenye wasomaji zaidi ya 170,000, wakalinganisha karatasi na skrini. Maandishi ya maelezo, kama hayo ya darasani kwenu, yalieleweka vizuri zaidi kwenye karatasi, na pengo lilikua msomaji alipobanwa na muda. Hadithi hazikuonyesha tofauti hiyo, kwa hiyo riwaya zako za kwenye simu endelea nazo. (Haya nimeyasoma kwenye simu, usinicheke.) Kuna na jaribio la Marekani la 2017: walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nayo mezani, hata ikiwa kimya. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana yote, lakini kujaribu hakuna gharama. Mpe mwenzako wa chumba simu akushikie kwa saa moja.

Na zile notsi za muhtasari mnazorushiana kwenye grupu, mtu kazifupisha kwa alivyoelewa yeye. Akiwa ameruka palepale uliporuka wewe, mtakutana wote kwenye sapu, mkirudia mtihani.

Nimekurushia elfu kumi. Ni ya kutoa kopi ya sheria ile, si ya bando. Anza na sehemu ya mabaraza, andika pembeni kwa penseli usipokubaliana nayo. Jumapili nipigie, kopi ikiwa imefunikwa, unieleze mtu asiporidhika na usuluhishi wetu anakwenda wapi. Mzee wa alizeti anarudi Jumanne.

Mama yako