Barua kwa Mwanangu: Kigae Chenye Jina la Themistocles

Mwanangu mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo, na mama yako amekwisha kupona mafua yaliyomlaza juma zima. Barua yako niliipata nikaisoma mara mbili, hasa pale ulipoandika kwa hasira kwamba watu wa Athene hawakuwa na haya, kwa kuwa walimfukuza kiongozi wao Themistocles, mtu yule yule aliyewaokoa na Waajemi. Shukrani ya punda ni mateke, uliandika, kisha ukaniuliza kama huo ndio ustaarabu niliousomesha miaka yote. Nimeona nikujibu kwa urefu, maana swali lako ni zuri kuliko jibu ulilojipa.

Nianze na fedha, na hapa lugha yetu inatusaidia, kwa kuwa madini na pesa zote tunaziita hivyo. Kiasi cha mwaka 483 KK, katika migodi ya Laurion iliyo kusini mwa Attika, nchi inayouzunguka mji wa Athene, ambako watumwa walichimba ardhini katika hali ambayo Waathene wenyewe hawakupenda kuifikiria, ulipatikana mwamba wenye fedha nyingi kupita kawaida. Shauri lililokuwa mbele ya mkutano wa raia lilikuwa jepesi: kila mtu apewe drakma 10, sarafu za fedha za huko, aende zake. Themistocles alisimama akawasihi waache mgao huo, fedha zijengewe meli za vita. Hakuwatisha kwa mfalme wa Uajemi, aliyekuwa mbali, bali aliwatajia Aegina, kisiwa jirani waliokuwa na ugomvi nacho na ambacho walikiona kwa macho yao ng'ambo ya maji. Huo ulikuwa ujanja, sikatai. Lakini tafakari pia hao waliomsikiliza, kwani wengi wao walikuwa maskini, na walikubali kuziacha drakma 10 zilizokuwa karibu kutua viganjani mwao.

Meli moja ya makasia ya safu tatu ilihitaji wavuta makasia wapatao 170. Zidisha kwa meli zipatazo 200 walizokuwa nazo Waathene uone ni umati gani ulihitajika. Kabla ya hapo heshima ya vita ilikuwa ya mtu aliyeweza kujinunulia ngao, mkuki na kofia ya shaba. Mchukuzi wa bandarini na kibarua wa shambani hawakuhesabiwa sana. Mwaka 480 KK, Waajemi walipouteka mji na kuyachoma mahekalu ya Acropolis, kilima kilicho katikati ya mji, ni watu hao hao wasio na ngao waliokaa juu ya mbao za meli huko Salamis, kisiwa kilicho karibu na Athene. Themistocles alimtuma Sicinnus, mtumwa wake aliyekuwa mlezi wa watoto wake, akampelekee adui habari ya uongo kwamba Wagiriki wanajiandaa kutoroka usiku. Waajemi wakaingia katika mlango mwembamba wa bahari, ambamo wingi wa meli zao uligeuka kuwa msongamano, huku Xerxes, mfalme wao, akitazama kutoka kwenye kiti chake mlimani. Mtu aliyevuta kasia siku ile alirudi mkutanoni na shingo nyingine kabisa. Sioni namna ya kueleza siasa za Athene za miaka iliyofuata, hadi mwanasiasa Ephialtes alipolipokonya baraza la wakubwa la Areopagus sehemu kubwa ya mamlaka yake mwaka 462 KK, bila kuanzia kwenye mbao zile.

Sasa tuje kwenye kufukuzwa. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wanataka kumtoa mtu. Wakikubali, baada ya muda walikusanyika sokoni, kila mmoja na kigae chake, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, alichokikwaruza jina la mtu aliyetaka atoke. Kura zisipofika 6,000 shauri lilikufa. Zikifika, mwenye jina lililotajwa zaidi alipewa siku 10 za kuaga, akakae nje miaka 10. Hakushtakiwa kosa lolote, na mali yake haikuguswa. Ukiona ni ukatili, kumbuka walikuwa wametawaliwa kimabavu na Hippias hadi wakamfukuza, na kwamba Waajemi waliposhuka Marathon, pwani ya Attika, mwaka 490 KK, mzee huyo alikuwa pamoja nao, akiwaonyesha njia ya kurudi kwake madarakani. Watu walioyaona hayo hawakungoja mkubwa mwingine aote pembe ndipo washtuke. Themistocles alikuwa akijisifu mno, tena alijijengea hekalu karibu na nyumba yake kwa ajili ya mungu wa kike Artemi wa Shauri Jema, shauri lenyewe likiwa lake. Kiasi cha mwaka 471 KK, vigae vikamwangukia.

Lakini sitaki nikupakie rangi. Mwaka 1937, katika kisima cha zamani upande wa kaskazini wa Acropolis, wachimbaji walikuta vigae vipatavyo 190, karibu vyote vikiwa na jina la Themistocles, vingi vikiwa vitako vya vikombe vya mvinyo. Walipoichunguza miandiko waliona ni ya watu 14 tu. Mimi niliyesahihisha madaftari nusu ya umri wangu najua maana yake: mwanafunzi mmoja akiwaandikia wenzake kazi, herufi zake humsaliti. Kuna watu waliokaa chini wakaandaa kura za kugawia wengine, pengine wasiojua kusoma, pengine wavivu, pengine waliolipwa. Kwa hiyo hasira yako ina haki yake, ila uielekeze kwa hao 14 kabla ya kuwabebesha Waathene wote.

Kisha kuna jambo ambalo hukulitaja, nami naliona kubwa kuliko kigae. Mwaka 472 KK, katika siku zile zile, mtunzi wa michezo ya kuigiza Aeschylus, aliyepigana Marathon na kumpoteza ndugu yake huko, alionyesha tanzia yake ya Waajemi, na kijana Pericles, aliyekuja kuwa kiongozi mkubwa wa Athene, ndiye aliyegharimia waimbaji. Watazamaji waliketi chini ya Acropolis, ambako juu yao mahekalu yalikuwa bado magofu yaliyoungua, na wengi wao walikuwa na sugu za makasia viganjani. Ungetegemea washangilie kwa matusi. Walichoonyeshwa ni jumba la kifalme la Susa, mji wa mfalme wa Uajemi, mama wa Xerxes akimngoja mwanawe, na mjumbe akiwataja wakuu wa Uajemi waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Hakuna Mgiriki hata mmoja anayetajwa jina. Hila ya Sicinnus imo, ila mwenye hila hatajwi. Mwishoni Xerxes anaingia nguo zimeraruka, akilia. Mgala muue na haki yake mpe, nasi tumezoea kuisema tu. Wao waliiketia ikaigizwa, wakaipa tuzo ya kwanza. Na hao ndio waliokuwa wamemtoza mtunzi mwingine, Phrynichus, faini ya drakma 1,000, miaka ishirini hivi nyuma, kwa kuwaliza kwa mchezo juu ya maafa ya ndugu zao wa Mileto, mji wa Kigiriki ulioangamizwa na Waajemi.

Hilo halikuwazuia kuwa mabwana. Umoja wa miji ya Kigiriki walioufunga katika kisiwa cha Delos mwaka 478 KK ili kupigana na Waajemi uligeuka kamba: watu wa kisiwa cha Naxos walipotaka kujitoa walizingirwa na kurudishwa kwa nguvu, na mwaka 454 KK hazina yenyewe ilihamishiwa Athene. Meli zilizofanya kazi hiyo ni zile zile za wavuta makasia maskini.

Naye Themistocles? Alishtakiwa uhaini akiwa ugenini, akakimbia nchi hadi nchi, mwisho akamwendea Artaxerxes, mwana wa Xerxes, akaomba mwaka mmoja wa kujifunza Kiajemi kwanza. Mfalme akampa mji wa Magnesia, ulio katika Uturuki ya leo, kwa ajili ya mkate wake, na huko alipiga sarafu za fedha zenye jina lake. Alifia huko. Jamaa zake walisema mifupa yake ilirudishwa na kuzikwa Attika kwa siri, kwa kuwa sheria haikuruhusu msaliti azikwe katika udongo wa nyumbani.

Mama yako anakusalimu, na wadogo zako wanauliza utakuja lini.

Ni mimi baba yako.