Risala ya Kamati ya Shule na Wazazi kwa Mgeni Rasmi katika Mahafali ya Darasa la Awali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Afisa Elimu Kata,
Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi na wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Pili, tunakushukuru wewe Mheshimiwa Mgeni Rasmi kwa kuukubali mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kufika mwenyewe. Tunalitaja hili kwa sababu katika mahafali yaliyotangulia tuliletewa wawakilishi, ambao walitusikiliza kwa utulivu mkubwa na kutuhakikishia kwamba yote tuliyoyasema yangefikishwa panapohusika. Hatuna shaka kwamba yalifika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu ilianzishwa mwaka 1977, wakati taifa lilipoanza kutekeleza kwa kasi lengo la Elimu ya Msingi kwa Wote lililotokana na Azimio la Musoma la 1974. Darasa la awali lilikuja baadaye, likaanzia chini ya mwembe unaouona kushoto kwako, na likapata chumba chake baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 kuifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Historia yenyewe ni ndefu, lakini jua linapanda na watoto wamekaa, hivyo tunaomba ituruhusu kuendelea.

Katika kipindi hiki tumepata mafanikio makubwa. Watoto wote wanaohitimu leo wamefuzu kuingia darasa la kwanza, sawa na ufaulu wa asilimia 100. Kikundi chetu cha ngonjera kilishika nafasi ya tatu katika kata, kikizishinda shule zenye majengo mazuri kuliko yetu. Matairi mawili yamepakwa rangi na kusimikwa mbele ya darasa. Wazazi wamejaza kona za ujifunzaji kwa zana walizozitengeneza kwa mikono yao: vizibo vya soda vya kuhesabia, wanasesere wa vitambaa, magari ya makopo, mipira ya makaratasi iliyofungwa kwa kamba za mkonge, ambazo hapa kwetu mkoani Tanga hazijawahi kuwa haba.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio hayo yanatufikisha kwenye jambo lililotufanya tukuandikie barua tatu za mwaliko, nalo ni uwanja wa kuchezea wa watoto wa awali.

Tunafahamu kwamba wapo wazazi, na pengine wapo viongozi, ambao wakimwona mtoto wa miaka mitano anacheza husema anapoteza muda, na kwamba fedha ikipatikana ni heri inunue madawati. Hata ndani ya kamati hii hoja hiyo imewahi kutolewa, na mjumbe aliyeitoa bado yumo nasi. Tulimwomba akakae asubuhi moja na watoto wanaocheza mdako. Mtoto hurusha kijiwe kimoja juu, akakwangua vijiwe vilivyomo shimoni kabla hajakidaka kile cha juu, kisha akavirudisha vyote isipokuwa kimoja. Akifanikiwa huendelea kwa viwili, halafu vitatu. Akikosea hesabu, wenzake humsahihisha kwa kelele ambayo mwalimu asingethubutu kuipiga. Hiyo ni kujumlisha na kutoa, ni jicho kufanya kazi pamoja na mkono, na hakuna daftari lililotumika.

Wale wanaofinyanga udongo wanaviimarisha vidole ambavyo kesho vitaishika penseli, na ndiyo maana mwalimu wetu huwapa udongo kabla ya kuwapa karatasi. Kwenye kombolela, aliyejificha hulazimika kunyamaza na kusubiri wakati miguu inamwasha, na mtoto anayeweza kujizuia hivyo hatampa taabu kubwa mwalimu wa darasa la kwanza. Tena wapo watoto wengi wanaofika hapa wakiwa wanazungumza Kisambaa au Kizigua tu. Katika mchezo wa baba na mama, au wa duka, mwenye duka akikataa kukopesha, mteja hana budi kuyatafuta maneno ya Kiswahili ya kumbembeleza, na huyapata upesi kuliko anavyoyapata akikaririshwa ubaoni. Mjumbe wetu alirudi akisema madawati yanaweza kusubiri kidogo.

Wala hatuombi jambo lililo nje ya sheria. Ibara ya 31 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, inaitambua haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 imeiweka haki ya kucheza katika orodha moja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na ujifunzaji wa awali ni mmoja wa mihimili yake. Tangu 2024, tarehe 11 Juni imekuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, na sisi pia tumeiadhimisha, tukiwa tumesimama barabarani kwa kukosa mahali pengine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba sasa tueleze kwa nini tulisimama barabarani. Mgeni rasmi wa kwanza kuliona eneo letu aliguswa sana, akaahidi pembea za chuma, akapigwa picha akiwa amembeba mtoto. Picha hiyo ipo ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Aliyefuata alisema pembea bila uzio ni hatari, jambo ambalo ni kweli kabisa, akaahidi uzio. Wa tatu aliona kwamba walimu hawana ofisi, na ahadi yake ilianza kutekelezwa ndani ya mwezi mmoja: malori yalileta mchanga, mawe na kokoto, yakavimwaga katikati ya eneo la watoto kwa kuwa ndipo gari lilipoweza kugeuzia. Fundi alikuja, akapima, akaondoka. Kwa hiyo ahadi iliyotekelezwa nusu imetuchukulia uwanja, na zile ambazo hazikutekelezwa kabisa angalau hazikutuchukulia kitu.

Upande uliobaki umegeuzwa njia ya mkato na madereva wa bodaboda wanaokwenda sokoni. Tumeweka mawe, yakasogezwa. Tumeandika kibao, kikageuzwa kigoda cha muuza maandazi, ambaye tunakiri kwamba watoto wanampenda. Mwalimu wa awali amelazimika kuwazuia watoto ndani, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe, kwa sababu utaratibu wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25, naye peke yake ana watoto 118 katika chumba kimoja. Kwa hesabu hiyo, uwanja kwetu si pambo la shule. Ndilo darasa la pili ambalo hatujajengewa, na ndipo mahali pekee ambapo nusu ya watoto hawa wangeweza kujifunza wakati nusu nyingine ikihudumiwa ndani.

Tunachokuomba, Mheshimiwa, ni kwanza eneo hilo lipimwe na kuwekewa mipaka inayotambulika, ili mradi mwingine mwema usije ukatua juu yake. Kokoto na mawe viondolewe au vitumike kujengea hiyo ofisi, vyovyote iwavyo rahisi kwa wahusika. Ila mchanga tunaomba ubaki, kwa sababu watoto wameshauzoea, na kwa sasa lundo hilo ndilo kifaa kikubwa cha michezo tulicho nacho. Tunaomba pia senyenge, nguzo za chuma na geti la kuzungushia uwanja huo, pamoja na pembea mbili na mteremko mmoja wa kutelezea, uliotengenezwa na fundi wa hapahapa ili ukivunjika tujue wa kumwita. Wazazi wamekubali kuchimba mashimo ya nguzo, kupanda miti ya kivuli na kusuka kamba, na majina yao yameorodheshwa kwenye kiambatisho pamoja na makisio ya gharama yaliyofanywa na fundi.

Tunaomba utuwie radhi kwa kuongeza hili moja. Wageni wetu wengi wameguswa wakatuachia pipi, madaftari na mipira ya plastiki, nasi tumevipokea kwa shukrani. Mwaka huu, endapo utaguswa, tungefurahi uguswe kwa upande wa nguzo.

Kitabu cha wageni kipo mezani mbele yako. Utaona kwamba kamati imekiongezea safu mbili baada ya ile ya maoni: moja ni ya tarehe ya utekelezaji, na ya pili ni ya jina na simu ya afisa tutakayemfuatilia. Safu hizo ni mpya na hakuna aliyezijaza bado, hivyo heshima ya kuzifungua ni yako. Ukishatia saini, tunakuomba uongozane nasi hadi kwenye lundo la kokoto kabla ya chakula. Ni nyuma tu ya turubai hili, na hakutakuwa na mpiga picha.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Kwa niaba ya Kamati ya Shule na Wazazi wa Darasa la Awali